Kilichotangazwa na Kilichofundishwa: Maneno kwa Wawakilishi wa Madarasa

Itifaki imezingatiwa. Ndugu wawakilishi wa madarasa, viongozi wa serikali ya wanafunzi, walimu wenzangu, na ninyi wa ofisi ya udahili mliokuja ingawa mnajua baadhi ya maneno ya leo yatawagusa, asanteni kwa kufika.

Barua nyingi za wanafunzi kuhusu kozi huanza na neno moja: "Tumedanganywa." Neno hilo lina uchungu wa haki. Nyuma yake kuna mzazi aliyeuza shamba, kuna pesa za vikoba, kuna mwaka wa ujana usiorudi. Lakini ofisi ikilipokea neno hilo peke yake haina la kufanya nalo. Wa kwanza kuulizwa atajibu "hatukudanganya", na barua itaishia hapo. Sasa sikilizeni hii nyingine: "Kipeperushi cha Julai kilisema somo la Kemia ya Chakula lina saa 20 za maabara. Leo ni wiki ya 12 kati ya 15. Tumeingia maabara mara mbili, jumla saa 4." Barua hiyo haijibiki kwa kukanusha. Mkuu wa idara atalazimika kuonyesha saa 16 zilizobaki zitapatikana lini, au aeleze kwa nini hazitapatikana. Nimekuja ili mtoke kwenye barua ya kwanza mfike kwenye ya pili.

Kabla ya yote, neno "kozi" lenyewe. Mtaani kozi ni shahada nzima: "Unasoma kozi gani?" "Uhasibu." Darasani kozi ni somo moja la muhula mmoja. Ukiandika "kozi hailingani na tangazo", msomaji wa barua hajui kama unazungumzia miaka mitatu au wiki kumi na tano, na kila mmoja ataona barua ni ya mwenzake. Mimi leo nitasema programu kwa shahada au stashahada nzima, na somo kwa kipande chake cha muhula. Lalamiko la somo lina mwenyewe, naye ni mkuu wa idara. Lalamiko la programu ni la amidi, yaani mkuu wa kitivo, na wakubwa wake, na likikwama linaweza kufika Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa vyuo vilivyo chini yake.

Mwanafunzi hupewa ahadi kupitia karatasi tano hivi, na uzito wake haulingani. Kuna tangazo: bango la barabarani, kipeperushi, redio, ukurasa wa mtandaoni, ujumbe wa WhatsApp wa wakala. Kuna mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka, ambamo programu inaonekana na msimbo wake, sifa za kuingilia, idadi ya nafasi na muda wa masomo. Kuna barua ya udahili pamoja na maelekezo ya kujiunga, ambayo ndiyo yenye ada. Kuna mtaala ulioidhinishwa, ambao wanafunzi wengi humaliza chuo bila kuuona. Na kuna muhtasari wa somo ambao mwalimu anapaswa kuugawa wiki ya kwanza.

Ukitaka kubishania ada, shika barua ya udahili. Ukitaka kubishania muda wa programu au jina lake, shika mwongozo wa udahili. Yaliyomo, yaani masomo gani na saa ngapi, hushikwa kwenye mtaala, kwa sababu huo ndio uliopitishwa na seneti na kukaguliwa na mamlaka. Omba kuuona; idara inao. Tangazo ndilo dhaifu kuliko yote machoni pa chuo, watu husema "yale ni matangazo tu", na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Tangazo ndilo lililomtoa kijana Kigoma likamleta mjini. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kupotosha au kuelekea kupotosha watu, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Kwa tangazo la chuo kinachouza mafunzo kwa ada, huo ni mlango unaofaa kuufahamu, ingawa si wa kwanza kubisha.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo chuo kizuri nacho huweza kutoa tangazo bovu, na mlalamikaji akijua kwa nini hutokea hivyo ataandika barua bora. Mara nyingi tangazo huandikwa na ofisi ya masoko au udahili kwa kunakili la mwaka jana. Katikati hapo mtaala umepitiwa upya: masomo mawili yameunganishwa, moja limehamia mwaka wa tatu, jingine limefutwa. Idara inajua, ofisi ya matangazo haina habari. Au somo la kuchagua limeorodheshwa kwa miaka yote, lakini mwalimu wake pekee amekwenda masomoni, au wanaolichagua ni wanne na idara haifungui darasa la watu wanne. Au maabara ilikuwapo kweli siku picha ilipopigwa, mashine ikaharibika, kipuri hakikuagizwa. Na mara nyingine nafasi zilikuwa 60, wakapokelewa 140, kwa hiyo kila kikundi cha maabara kikapata theluthi ya saa zake. Hili la mwisho liandikeni kwa idadi: mwongozo ulitaja nafasi ngapi, darasani mpo wangapi, vituo vya kazi vya maabara ni vingapi. Tarakimu hizo tatu tayari ni lalamiko.

Sasa hesabu ya krediti, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanaposhindwa wakiwa na haki. Katika mfumo wetu wa sifa za vyuo vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Saa za kujifunza maana yake si saa za mwalimu kusimama mbele. Ndani yake mna mihadhara, semina, maabara, kujisomea, kazi za nyumbani na mitihani. Somo la krediti 10 ni saa 100, na mtaala unaweza kuzigawa hivi: mihadhara 30, semina 15, maabara 20, kujisomea 25, kazi na mitihani 10. Anayeandika "tumetangaziwa saa 100, tumefundishwa 30" atajibiwa kwa sentensi moja na kuaibika. Anayechukua mgawanyo huo na kuonyesha kwamba fungu la semina halikuguswa kabisa muhula mzima, huyo ameshika pembe. Kwa hiyo kabla ya kuandika, pateni jedwali la mgawanyo wa saa la somo husika. Liko kwenye mtaala, ukurasa wa maelezo ya somo.

Kutoka kwenye krediti mtapata pia njia ya kupima hasara. Tuseme ada ya mwaka ni shilingi 1,500,000 kwa krediti 120. Krediti moja imegharimu 12,500, na somo la krediti 10 ambalo halikufundishwa ni 125,000. Hiyo haimaanishi kwamba mtarudishiwa kiasi hicho. Ni mahali pa kuanzia mazungumzo, na inamwondolea kila mtu kishawishi cha kudai ada yote kwa kosa la somo moja, dai ambalo huifanya barua nzima ionekane si makini.

Lalamiko zito kuliko yote halihusu saa. Linahusu programu ambayo ukiimaliza haikufikishi ulikoahidiwa. Tangazo linasema "wahitimu watasajiliwa" au "watatambuliwa na bodi", na bodi haina habari. Kenya kesi ya namna hii ilifika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa mwaka 2018: wahitimu 107 wa uhandisi dhidi ya bodi ya usajili wa wahandisi, iliyokuwa imekataa kuwasajili kwa sababu ya kutotambua shahada zao. Watu walikuwa wamesoma, wamefaulu, wamevaa joho. Kwa hiyo fahamuni kwamba idhini ya programu kutoka TCU au NACTVET ni jambo moja, na kutambuliwa na bodi ya taaluma ni jambo jingine. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia ana Baraza la Famasi, mhasibu ana NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, yenye mitihani yake. Swali la kuuliza chuo si "Je, programu imesajiliwa?" Jibu litakuwa ndiyo, na litakuwa la kweli. Ulizeni hivi: "Bodi gani inaitambua programu hii, kwa barua ya tarehe gani, hadi lini, na kwa kampasi ipi?" Kampasi isipuuzwe. Programu inaweza kuwa na idhini makao makuu, tawi la mkoani likawa halina, na bango lililotundikwa tawini likawa ni lile lile.

Hili msingoje mwaka wa mwisho kuliuliza. Wiki mbili za kwanza za mwaka wa kwanza dirisha la uhamisho linaweza kuwa bado wazi, na mtu akaenda programu nyingine kabla hajapoteza kitu. Anayehama ahakikishe Bodi ya Mikopo inapata taarifa zake mpya kupitia chuo, la sivyo bumu, yaani pesa zake za kujikimu, litakwama katikati ya chuo alichotoka na anakokwenda.

Nije kwenye ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa malalamiko ni hivyo hivyo. Kila darasa liwe na daftari moja, la karatasi au la kwenye simu, linaloshikwa na mwakilishi. Safu zake: tarehe, saa iliyopangwa kwenye ratiba, saa kipindi kilipoanza na kuisha, chumba, kilichofundishwa, na kilichokosekana pamoja na sababu iliyotajwa. Andikeni siku hiyo hiyo. Daftari linaloandikwa wiki ya 13 kwa kukumbuka ya wiki ya 2 hutambulika haraka: mwandiko mmoja, kalamu moja, saa zote zimekamilika bila dakika. Andikeni pia vipindi vilivyofanyika vizuri. Daftari lenye mabaya matupu halimshawishi mtu, na hata kwa haki tu, mwalimu aliyefidia kipindi Jumamosi anastahili kuandikwa.

Matangazo nayo yahifadhiwe yakiwa bado yapo. Skrinshoti iliyokatwa ikabaki sentensi moja haifai. Ichukuliwe nzima, ikionyesha anwani ya ukurasa na tarehe. Kipeperushi cha PDF kipakuliwe, kisibaki kama kiungo tu, kwa kuwa viungo hufa. Ukurasa ukishabadilishwa, jaribuni hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive. Huenda nakala ya mwezi mliodahiliwa bado imo. Ujumbe wa wakala usifutwe, na uonekane na namba iliyoutuma. Halafu kila mmoja ajiulize kwa uaminifu: je, tangazo hili nililiona kabla ya kulipa, au nimeonyeshwa na mwenzangu baadaye? Ahadi uliyoiona baadaye haikukuongoza kuchagua. Ukiapa kwamba ilikuongoza, na fomu yako ya maombi ina tarehe ya mwezi mmoja kabla ya tangazo kutoka, umewaharibia wenzako wote mliosaini pamoja.

Barua yenyewe iwe kurasa mbili, isizidi. Jina la programu na msimbo wake, msimbo wa somo, muhula na mwaka wa masomo. Kisha maneno ya ahadi yakinukuliwa kama yalivyo, na karatasi yalikotoka. Kisha kilichotokea, kwa tarakimu. Kisha madhara: si "tumeumia sana", bali "tunaingia mafunzo kwa vitendo Julai bila kugusa mashine ambayo mwajiri anatarajia tuijue". Kisha mnachoomba, na ombi liwe ni jambo ambalo huyo mnayemwandikia ana mamlaka ya kulitoa. Mkuu wa idara anaweza kupanga vipindi vya fidia, kuomba maabara ya chuo jirani, kumleta mwalimu wa muda. Hawezi kurudisha ada. Mkimwomba asichokuwa nacho, mmempa sababu ya kutojibu.

Pelekeni nakala mbili masijala. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Hatua hii wengi huiruka kwa kuona aibu, au kwa kuambiwa "iache tu hapo, mkuu ataiona". Msikubali. Bila muhuri, barua haikuandikwa. Ikitumwa kwa barua pepe, nakala iende kwa ofisi ya udhibiti ubora wa chuo, maana hiyo ndiyo yenye wajibu wa kulinganisha mtaala na kinachofanyika darasani.

Ngazi ni hizi, na kila moja ipewe muda wake: mwalimu wa somo kwa mdomo, na mara nyingi jambo humalizikia hapo, mkuu wa idara kwa maandishi, amidi, naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma. Someni kanuni za chuo chenu kuhusu siku za kusubiri jibu. Kama hazitaji, andikeni ninyi tarehe mnayoomba kujibiwa. Siku 14 za kazi si ombi la jeuri. Mkifika TCU au NACTVET mkiwa na barua tatu zenye mihuri na hakuna jibu, ukimya wenyewe umekuwa ushahidi. Mkienda moja kwa moja bila kupita chuoni, mtarudishwa chuoni, na mwezi umepotea.

Mchanganyiko mmoja lazima niuondoe. Lalamiko si rufaa ya matokeo. Kama umepata D na unaamini ulistahili B, hiyo ni rufaa, ina fomu yake na ukomo wake wa siku. Kama hukufundishwa theluthi ya somo, hilo ni lalamiko. Ukiyaunganisha, kwamba "hatukufundishwa, kwa hiyo tuongezewe maksi", umekwenda mahali ambapo hakuna kamati itakayokufuata. Uamuzi wa kitaaluma juu ya maksi hauguswi kwa mlango wa malalamiko. Ombeni kufundishwa, kisha kutahiniwa katika yale mliyofundishwa.

Najua kinachowazuia wengi ni hofu. "Ukilalamika utasapu, ukiendelea utadisko," yaani utarudia mtihani, kisha utaondolewa chuo. Sitawaambia hofu hiyo haina msingi, ila ziko njia za kuipunguza. Barua iandikwe kuhusu programu au somo, si kuhusu tabia ya mwalimu. Itiwe saini na mwakilishi kwa niaba ya darasa, na orodha ya walioridhia iambatishwe: jina, namba ya usajili, saini, na kila mmoja awe ameisoma barua kabla ya kusaini. Karatasi ya saini isizungushwe ikiwa tupu. Ikitokea mtu mmoja akaitwa na kusema "mimi sikujua nasaini nini", orodha nzima imeanguka. Na mitihani ya mwisho kwa kawaida hupitiwa na msahihishaji wa pili na mtahini wa nje, hivyo mkihofia kulipiziwa kwenye maksi pawepo na nakala ya barua yenye tarehe iliyotangulia mtihani.

Kuna kundi jingine ambalo hatuwasemei vya kutosha: ndugu zetu wanaokwenda kusoma nje kupitia mawakala. Kabla ya kupanda ndege, TCU hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi. Iombeni kabla ya kulipa ada ya kwanza, si baada. Waliokwisha kufika Uingereza wana nguvu ambayo wengi hawaijui. Sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 ya huko inafanya maelezo aliyopewa mtu kuhusu huduma, kama aliyategemea kuamua, yawe sehemu ya mkataba. Kwa England na Wales, mwanafunzi aliyemaliza ngazi za ndani za chuo hupewa barua ya kumaliza taratibu, na ana miezi 12 tangu barua hiyo kupeleka shauri lake kwa mwamuzi huru wa elimu ya juu, OIA, bila malipo. Miezi 12 ikipita, mlango kwa kawaida umefungwa. Huko hata majigambo hupimwa: Novemba 2017 mamlaka ya viwango vya matangazo iliamua dhidi ya vyuo vikuu 6 kwa madai ya ubora ambayo havikuweza kuyathibitisha. Mtu aliyezoea mabango yetu yenye "chuo namba moja" asiyejulikana kahesabiwa na nani, hilo lingemshangaza.

Nimalizie kwa ninyi wa udahili, maana wanafunzi wamesikia sehemu yao. Kila tangazo liwe na tarehe ya kutolewa na mwaka wa masomo linaouhusu. Kila sentensi inayotaja somo, mashine, muda, ada au bodi ya taaluma ipelekwe kwa mkuu wa idara, aisaini, na karatasi hiyo ihifadhiwe miaka yote ambayo kundi hilo liko chuoni, sio mpaka msimu ujao. Masomo ya kuchagua yaandikwe kwa masharti yake: "litafundishwa wakipatikana wanafunzi wasiopungua 10", kama ndivyo ilivyo. Na ile sentensi ya chini kabisa ya prospektasi, kitabu cha maelezo ya chuo, kwamba chuo kina haki ya kubadili chochote bila taarifa, iondoeni. Haimlindi mtu mbele ya msomaji makini, na inamfundisha mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba maneno yenu hayana thamani. Andikeni badala yake mabadiliko gani yanaweza kutokea, nani atawaarifu wanafunzi, siku ngapi kabla, na asiyeridhika atafanya nini na ada yake.

Wawakilishi, fomu za daftari la darasa ziko mezani pale nyuma, na jedwali la mgawanyo wa saa kwa masomo ya muhula huu linapatikana kwa kila mkuu wa idara kuanzia kesho. Anayeambiwa halipo aandike kwamba ameambiwa halipo, na nani kamwambia, na saa ngapi.